Jirani Aliyeleta Ufunguo

Kwiii!

Kifuniko cha sanduku la bati kililia chumbani kwa Bibi, na nje bado giza.

Hapo ndipo tulipomwacha Mwenyekiti wiki iliyopita: kalala nyuma ya pazia lake, shuka kaivuta mpaka puani, anasikiliza. Sanduku lile halifunguliwi ovyo. Humo hukaa nguo za kutokea, na Bibi hagusi nguo za kutokea kama hana safari.

Safari ya wapi? Si alishamwambia Bibi kwamba Sherehe ya Tamaduni chuoni imeahirishwa?

Kwa aliyeingia leo kwa mara ya kwanza, tumweleze upesi. Binti huyu ni mwenyekiti wa kamati ya sherehe hiyo. Kwa siku mbili kila jamii ya wanafunzi inapanga meza yake, inavaa yake, inaimba yake, kisha mzee mmoja anapanda jukwaani kusimulia alikotoka. Mwenyekiti ndiye aliyejitolea kumleta bibi yake. Na bibi wa kupanda jukwaani yupo, tena yuko tayari.

Tatizo ni kwamba si huyu.

Wiki yake ya kwanza chuoni, wenzake walikuwa wakiwacheka watu wa ng'ambo ya mto kwa namna wanavyovuta maneno. Bibi ni mtu wa ng'ambo ya mto. Mwenyekiti naye ni wa huko huko. Badala ya kunyamaza, akatunga kichekesho chake mwenyewe, na kikawa kikali kuliko vyote. Tangu siku hiyo akageuka mtu wa nyanda za juu, mjukuu wa mwalimu mkuu mstaafu. Siku ya kumleta huyo mwalimu mkuu ilipokaribia, alimwendea fundi cherehani wa sokoni, mama wa nyanda za juu kweli kweli, mwenye umbo na sauti ya mwalimu mkuu.

"Bibi yangu alifariki," alimwambia. "Nina aibu ya kukaa bila mtu."

Fundi akamwonea huruma. Akakubali, tena akajishonea gauni jipya kwa shughuli hiyo.

Sasa marehemu mwenyewe alikuwa upande wa pili wa pazia, anapuliza pasi ya mkaa.

"Chiriku, umeamka?"

Chiriku ndilo jina lake la nyumbani, kwa sababu alianza kusema kabla ya kutembea na hajanyamaza mpaka leo.

"Nimeamka, Bibi. Unaenda wapi?"

"Niende wapi zaidi ya kazini?"

"Nimesikia sanduku."

"Aa! Nilikuwa natoa blauzi yako nyeupe. Niliiweka humo isipate vumbi." Bibi alisogeza pazia. Blauzi ilikuwa mkononi, bado ina joto. "Sherehe imeahirishwa, sawa, lakini kikao si kipo? Mwenyekiti hakai mbele ya watu na kola imekunjamana."

Mwenyekiti aliipokea. Aliona mikono ya Bibi, ngozi imechujuka, kucha zimelainika. Bibi anafua mashuka ya nyumba ya wageni karibu na stendi, na dawa ya kufulia haina urafiki na mtu.

"Asante, Bibi," alisema, akitazama pembeni.

Alivaa haraka kama mtu anayekimbia moto. Chai aliinywa kwa kusimama. Alitoka hata hajafunga mlango vizuri.

Na mezani, pembeni ya kikombe, akasahau kitu.

*

"Mwenyekiti, ufunguo!"

Jua lilikuwa limeshapanda. Mbele ya mlango wa stoo ya chuo wanafunzi walijipanga, kila jamii na kiongozi wake, maana ndani ya stoo ndimo mlimokuwa na ngoma, mikeka, mavazi na vipaza sauti. Bila stoo hakuna sherehe.

Mwenyekiti alipekua mkoba. Akapekua mifuko. Akaumwaga mkoba wote chini.

"Usituambie umeusahau," alisema kijana anayeitwa Kipaza. Ndiye mshereheshaji, na hilo jina alipewa kwa sababu hata bila kipaza sauti anasikika mpaka barabarani.

"Upo. Upo tu hapa."

"Upo hapa wapi? Tuvunje?"

"Havunji mtu kitu," alisema Mlezi wa wanafunzi, mzee mpole mwenye miwani, huku akiitazama saa yake kwa mara nyingine. "Wageni wameshakaa. Mwenyekiti, nyumbani kwenu ni mbali?"

Kule ukumbini Fundi alikuwa ameshakalia kiti cha wazee, gauni limemkaa, anapungia watu mkono kama aliyestaafu ualimu mkuu mara mbili.

Hapo akatokea mlinzi wa getini.

"Mwenyekiti, kuna mama anakuulizia. Nimempa maji ya kunywa kwanza, maana amekuja mbio huyo, anahema."

Nyuma ya mlinzi alisimama Bibi.

Alikuwa na aproni ya kazini na kandambili. Mkononi alikuwa na leso aliyoifunga fundo, na ndani ya fundo, ufunguo.

"Chi..." alianza, uso umejaa furaha ya kumwokoa mtu.

Kisha akanyamaza. Juu ya vichwa vya watu kulikuwa na kitambaa kirefu chenye maandishi makubwa. Bibi husoma polepole, herufi kwa herufi. Alisoma Sherehe. Alisoma Tamaduni. Alifika kwenye tarehe, akakaa hapo muda.

"Nani huyu, Mwenyekiti?" aliuliza Mlezi.

Mwenyekiti alifungua kinywa.

Wakati huohuo Kipaza akapaza sauti kuelekea ukumbini: "Bibi wa Mwenyekiti, usihangaike kuja huku, mama! Kaa hapo hapo mbele, tunakuja kuanza!"

Fundi akapunga mkono.

Bibi aliutazama ule mkono. Alilitazama gauni jipya. Akamrudia mjukuu wake, na yule mtoto aliyeanza kusema kabla ya kutembea alikuwa amesimama kama jiwe, anamwomba kwa macho.

"Mimi ni jirani yao," alisema Bibi. "Alipita kwangu asubuhi, akausahau ufunguo. Nikasema, watu watakwama."

"Ahsante sana, mama! Umetuokoa," Mlezi alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Majirani kama nyinyi wamebaki wachache."

"Ni kitu kidogo tu, baba."

Akafungua fundo, akatoa ufunguo, akampa mjukuu wake. Na alipokuwa anampa, akaona kola ya blauzi imesimama upande mmoja. Mkono ukaenda wenyewe. Akalowesha kidole gumba kwa mate, akaikunja kola, akaibana ikalala.

Ndipo alipokumbuka kwamba yeye ni jirani. Aliurudisha mkono haraka, akaufuta kwenye aproni.

Watu walikuwa wameshaukimbilia mlango wa stoo, hawakuona. Lakini Fundi hakukaa alipoambiwa. Alikuwa amefika hadi mlango wa ukumbi, na aliona.

*

"Usiondoke, mama," Mlezi alimsisitiza Bibi. "Ukae ufurahi na sisi."

"Mashuka yananisubiri."

"Yasubiri kidogo."

Mlinzi akaenda kumletea kiti chake mwenyewe cha getini, akakifuta kwa kofia, akakiweka nyuma kabisa ya ukumbi, upande usio na ukuta, penye kivuli. Bibi alikaa ukingoni mwa kiti, kama mtu anayeogopa kukichafua.

Karibu na pale, pembeni ya bomba la maji, kulikuwa na dawati moja la darasani lililotandikwa khanga. Hakuna bango, hakuna ngoma. Msichana wa mwaka wa kwanza alisimama nyuma yake peke yake.

Mwenyekiti alimjua vizuri msichana huyo. Ndiye aliyekuja mbele ya kamati kuomba meza ya watu wa ng'ambo ya mto.

"Mko wangapi?" Mwenyekiti alimuuliza siku ile.

"Mimi tu, dada."

"Mtu mmoja hafanyi jamii, mdogo wangu. Uje mwakani."

Hakusubiri mwakani. Dawati alilibeba mwenyewe kutoka darasani.

Mwenyekiti, sasa akiwa jukwaani mbele ya watu wote, alimwona Bibi akimsalimia yule msichana. Alimwona yule msichana akishtuka, kisha akishika mashavu kwa mikono miwili. Wakaanza kusema. Mbali namna ile maneno hayakusikika, ila mvuto wake ulisikika, ule wa kupanda na kushuka, ule uliombembeleza yeye mwenyewe utotoni mpaka usingizi ukamchukua.

Mwenyekiti alitazama karatasi yake. Herufi zote zilikuwa zinaogelea.

"Mabibi na mabwana!" Kipaza alikuwa ameshapata kipaza sauti chake, Mungu amsaidie mwenye masikio. "Wakati ngoma zinapashwa moto, nani hapa anatoka ng'ambo ya mto?"

Yule msichana wa bomba akainua mkono kwa aibu.

"Karibu, dada! Basi mtatusamehe. Hawa watu wa ng'ambo ya mto, hata wakigombana, unadhani kwaya iko mazoezini! Mke anamfukuza mume, wewe mpita njia unasimama kupiga makofi!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Bibi naye alicheka, mkono kinywani. Ni mtu wa kucheka na watu.

"Na hiki si changu jamani, msinisifu bure! Mtungaji ni huyu hapa, Mwenyekiti wetu! Mpigieni makofi!"

Makofi yakapigwa. Mwenyekiti alitabasamu kwa sababu uso wake haukujua kufanya kitu kingine. Akatazama nyuma.

Kicheko cha Bibi kilikuwa kimeanza kupungua, polepole, kama taa inayoishiwa mafuta. Mkono ukashuka kutoka kinywani. Akaukutanisha na mwenzake, akapiga makofi pamoja na wengine.

*

"Na sasa, aliyetuletea Mwenyekiti huyu duniani! Bibi yetu, karibu utusimulie!"

Fundi alisimama. Mwenyekiti alikuwa amemfundisha yote: shule aliyoongoza, mlima uliokuwa nyuma ya shule, kengele iliyopigwa asubuhi. Fundi alikipokea kipaza sauti, akakisogeza mbali kidogo na mdomo.

"Wanangu," alisema. "Mimi kazi yangu ni kushona."

Hilo halikuwa kwenye yale aliyofundishwa.

"Niliambiwa bibi wa mtoto huyu amefariki. Ndiyo maana nilikubali kukalia kiti hiki. Si vibaya kumshika mkono yatima. Lakini asubuhi hii nimemwona mtu akimkunjia kola kwa kidole cha mate." Aligeuka, akaelekeza macho nyuma ya ukumbi, bila ukali. "Jirani hafanyi hivyo. Jirani anakwambia, kola yako imesimama, basi, anapita zake. Mama yangu uliye pale nyuma, njoo. Kiti ni chako."

Vichwa viligeuka nyuma, vikarudi mbele, vikagota kwa Mwenyekiti.

"Mwenyekiti?" Mlezi aliinuka kutoka kitini. "Maneno haya ni ya kweli? Yule ni bibi yako?"

Msomaji, lilihitajika neno moja. Tena fupi. Mtoto mdogo analiweza.

Mwenyekiti aliliona likija, likafika kooni, likakutana pale na kicheko cha wenzake wote, na kichekesho chake, na mwalimu mkuu mstaafu, na mwaka mzima wa kujiita asiyekuwa. Likarudi chini.

Kiti kilikwaruza sakafu kule nyuma. Bibi alikuwa amesimama.

"Huyu fundi ana moyo mzuri," alisema. Hakuwa na kipaza sauti, lakini ukumbi ulivyonyamaza, alisikika. Na kila mtu akasikia alivyovuta maneno. "Ana moyo mzuri sana, ila amekosea. Bibi yake kweli alifariki."

"Ulimfahamu, mama?" aliuliza Mlezi.

"Nilimfahamu. Tulikuwa karibu sana."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

Bibi alifikiri. Alikunja aproni, akaikunjua.

"Alikuwa mtu wa kufua tu. Hakuwa na hadithi za kupandia jukwaani. Alikuwa na huyu mtoto, basi, akaona amepata kila kitu." Akamtazama Fundi. "Mtoto alikuwa na kiu ya bibi, ndiyo maana akaazima. Msimlaumu. Mimi naona hiyo ni namna yake ya kumkumbuka."

Mtu mmoja akaanza kulia mstari wa mbele. Akafuata mwingine. Mlezi alivua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati.

Fundi peke yake hakulia. Alimtazama Bibi kwa muda mrefu, kisha akainamisha kichwa, kama mtu anayeheshimu uamuzi wa mwenye nyumba. Akaweka kipaza sauti mezani, akashuka jukwaani.

"Binti yangu," Mlezi alimshika Mwenyekiti bega, "kumbe umebeba msiba na hukutuambia! Kesho, kabla ya kufunga sherehe, tutasimama wote kwa dakika moja kumkumbuka bibi yako. Na wewe utasema habari zake. Sawa?"

Kipaza akamnyooshea kipaza sauti. "Sema neno kwa mama pale, Mwenyekiti."

Mwenyekiti alikipokea. Hii ilikuwa nafasi ya pili, na wengi hawapewi hata hiyo.

"Asante," alisema, "jirani."

*

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu, akizunguka njia ndefu. Watu walikuwa wamempa pole mchana kutwa. Wamempa soda. Rafiki zake wamemkumbatia, na Kipaza amemwambia kwa sauti ya chini kwamba atakuwa anamchukulia kama dada. Kila pole ilimkaa mwilini kama upupu.

Mlango ulikuwa wazi kidogo. Ndani sauti zilikuwa zinapanda na kushuka, na kicheko.

Tangu akiwa mtoto wa kutambaa, Mwenyekiti hajawahi kupiga hodi kwenye mlango ule. Leo vidole vyake viligonga vyenyewe.

"Hodi."

Sauti zikakatika.

"Karibu," alisema Bibi. "Karibu ndani, mgeni wetu."

Yule msichana wa mwaka wa kwanza alikuwa amekaa mkekani, miguu kaikunja, anamsaidia Bibi kukunja foronya alizoleta kutoka kazini. Ndiye aliyemsindikiza, na njiani hakukubali Bibi abebe ndoo ya foronya. Alimwona Mwenyekiti akiingia. Akaliona pazia, akaona nyuma yake kitanda, na kitabu cha chuo juu ya kitanda. Akaelewa kila kitu. Aliinamisha uso upesi, ili asimwaibishe.

Huo nao ulikuwa wema, na uliuma kuliko tusi.

"Kaa, Mwenyekiti." Bibi alivuta kiti kimoja chenye kitambaa cha kushona, kile cha wageni, ambacho watu wa nyumba hawakikalii. Akachukua kikombe cha maua kutoka juu ya kabati, akakisuuza, akamimina chai. "Nyumbani hawajambo?"

"Bibi..."

"Wazee wako wazima?"

"Bibi, nisamehe."

"Bibi yupi tena?" Bibi alicheka kidogo, kicheko cha kweli, lakini macho hayakukifuata. "Si tulimzika mchana?"

Mwenyekiti alishika kikombe. Hajawahi kunywea kikombe kile, na hakujua hata kwamba ukingoni kina ufa mwembamba. Machozi yalidondokea kwenye chai.

"Kesho wananitaka nisimame niseme habari zako. Chuo kizima. Watasimama kimya kwa ajili yako. Nifanye nini?"

"Useme vizuri tu. Marehemu hakuwa mtu wa makuu."

Msichana wa mwaka wa kwanza akaweka foronya ya mwisho juu ya nyingine. Alisema akiwa anatazama sakafu:

"Dada, mimi nilikuwa sijui. Nimeshamwomba Bibi kesho aje akae mezani kwangu. Pale bombani. Nimeshawaambia wenzangu chumbani nina mzee wa kwetu anakuja."

Chai ilimwagika mapajani mwa Mwenyekiti. Hakuisikia hata ilivyo ya moto.

"Na umekubali?" alimuuliza Bibi.

"Nimekubali. Mtoto hana mtu." Bibi alimgeukia yule msichana, akampa vitumbua vya kesho asubuhi vilivyofungwa kwenye karatasi. "Haya, giza lisikukute njiani. Kesho unipitie, mjukuu wangu."

Mjukuu wangu. Lilitoka kirahisi tu, kama siku zote.

Mlango ulifungwa. Wakabaki wawili na foronya zao.

Mwenyekiti alisimama na kikombe, akielekea kwenye beseni. Bibi alimpokonya taratibu.

"Acha. Mgeni haoshi kikombe."

"Bibi, nitukane. Nipige. Mimi nalala hapa! Hapa ni kwetu!"

Bibi alikausha mikono, akamshika mjukuu wake kiwiko kama anavyoshikwa mtu aliyetoka mbali, akamsindikiza. Haikuwa safari ndefu: kiti, meza, pazia. Alilisogeza pazia kwa upande. Akainyoosha kola ya ile blauzi nyeupe, safari hii kwa kidole kikavu. Kisha akaushika mkono wake kwa mikono yote miwili, ile iliyochujuka.

Hakukuwa na hasira hata kidogo kwenye sauti yake.

"Asante sana kwa kuja, Mwenyekiti. Siku ukipata nafasi, mwanangu, uje tena kututembelea."